POLE PEKE YAKE HAITOSHI

Mada iliyosomwa na wanachama wanane wa Kamati ya Faraja siku ya sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi

 

Wenzetu waliotangulia kusema wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na marejesho. Mmesikia tulivyoanza na kisanduku cha kuazima, na jinsi leo tunavyomiliki kisanduku chetu wenyewe chenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Hayo hatutayarudia. Sisi tumeombwa tueleze jambo ambalo haliandikwi kwenye kitabu cha hisa, nalo ni mafunzo tuliyopata ya kumsaidia mtu aliyefikwa na huzuni. Wengine mmekuwa mkiuliza, eti mafunzo ya kufariji ni ya nini, kwani nani asiyejua kwenda msibani? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Mwaka wa tatu wa kikundi, mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Tulifanya kila linalotakiwa. Tulitoa rambirambi kutoka mfuko wa jamii, tukapeleka mchele, mafuta na kuni, tukalala matanga, tukapika, tukaosha vyombo. Siku ya tatu tukaaga, tukarudi kwenye biashara zetu. Tulijiona tumemaliza.

Mwenzetu huyo ni Mwislamu, akaingia eda. Si mnajua, eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Kila Jumamosi alimtuma binti yake alete hela ya hisa. Lakini katiba yetu ilisema mwanachama ahudhurie mwenyewe, na asiyehudhuria alipe faini. Basi katibu akaandika, wiki baada ya wiki, "hakuhudhuria". Katibu huyo huyo ndiye aliyekuwa amesonga ugali wa msiba ule! Hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyua mkono kusema, jamani, tunafanya nini?

Siku ya kugawana ilipofika tukamkata faini zote. Akahesabu fedha zake, akasema "Asanteni", akaondoka. Mzunguko uliofuata hakujiunga. Ulipita mwaka mzima ndipo wawili wetu walipokwenda kumwona. Aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, kisha akawaambia: "Mlinipa rambirambi kwa mkono mmoja, mkanichukulia faini kwa mkono wa pili."

Faini tulimrudishia. Lakini neno lile halikurudi. Ndilo lililotufanya tutafute mafunzo. Muuguzi mmoja mstaafu na ofisa wa ustawi wa jamii walikubali kutufundisha kwa kujitolea, Jumamosi kumi na mbili, baada ya kikao cha hisa. Tulianza kumi na mmoja, tukamaliza wanane.

Huzuni si ngazi ya kupanda

Somo la kwanza lilikuwa kuielewa huzuni yenyewe. Tuliambiwa kwamba huzuni ya kufiwa si ugonjwa wala si udhaifu wa imani. Inakaa moyoni na mwilini pia. Mtu anakosa usingizi, chakula hakipiti, kifua kinabana, anasahau mambo madogo madogo, anamrudishia mteja chenji mara mbili. Wengine husikia sauti ya marehemu ikiita jioni. Hayo huwatokea watu wengi wenye akili zao timamu, na mfiwa akiambiwa hivyo hupumua.

Baadhi yetu tulikuwa tumesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana, kukata tamaa na kukubali. Mkufunzi akatueleza asili yake. Hatua hizo ziliandikwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, huko Marekani, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Yaani zilitokana na wanaokufa, si na waliobaki. Kwa hiyo usimwambie mfiwa, "Bado uko hatua ya pili." Mwingine hapiti hasira kabisa. Mwingine anakubali asubuhi, jioni anakataa.

Maelezo yaliyotuingia zaidi ni ya wataalamu wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi baina ya pande mbili: upande wa kulia na kukumbuka, na upande wa kushughulikia maisha yanayoendelea. Hapo sote tulicheka kidogo, maana ndivyo tulivyo. Mama anamlilia mwanawe alfajiri, saa mbili yuko sokoni anauza dagaa na kutania wateja, usiku analia tena. Watu wa mtaa wanasema, "Huyu kasahau upesi." Hajasahau. Anapumzika ili aweze kulia tena. Kumsema vibaya ni dhambi.

Kila huzuni ina njia yake

Somo lililochukua Jumamosi nyingi kuliko yote ni la aina za huzuni. Zamani sisi tuliijua moja tu: mtu amekufa, kuna turubai, kuna jeneza au sanda, kuna daftari la michango. Tukafundishwa kwamba nyingine hazina turubai.

Kwanza ni huzuni ya aliyepotelewa bila kuona maiti. Hapa Mwanza hatuhitaji kufundishwa sana. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika bandarini, na makadirio ya waliokufa yanapita watu 800. Wapo waliozikwa makaburi ya Igoma, na wapo ambao ziwa halikuwarudisha. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakapotea. Achilia mbali mitumbwi ya wavuvi, ambayo haitangazwi redioni. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, ameandika sana juu ya huzuni ya namna hii isiyo na hakika. Mfiwa wake hafungi mlango wa nyuma usiku, kwa sababu huenda mtu akarudi. Ukimwambia "kubali tu, amekufa", unamfanya yeye ndiye muuaji. Ukimwambia "atarudi", unamdanganya. Tulifundishwa kukaa naye katikati, tukamwambia, "Hatujui, na kutojua huku ni mzigo."

Mwanachama mmoja wa hapa, kaka yake alikwenda kuvua usiku, ukapatikana mtumbwi peke yake. Kikundi hakikutoa rambirambi kwa sababu hakukuwa na mazishi. Alisubiri miaka minne bila kutuambia neno. Tulipofika somo hili alitoka nje ya darasa. Baadaye akarudi, akatusimulia habari za kaka yake hadi magharibi: alivyopenda mpira, alivyoimba akishona nyavu. Ndiyo yalikuwa matanga yake.

Pili ni huzuni ya mama aliyejifungua mtoto mfu, au mimba iliyoharibika. Humu ukumbini tuko wengi. Mtoto anazikwa upesi, mara nyingi mama akiwa bado wodini, naye anarudi nyumbani na maziwa yakimtoka. Watu wanasema, "Afadhali hukumzoea," au "Utapata mwingine." Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hawakusema ni mwana wa umri gani. Tunajifunza kumwuliza mama kama angependa kutueleza habari za mtoto, na kama alimpa jina, tulitaje jina lile.

Tatu ni huzuni iliyofichwa. Mwaka 1989 Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiipi mtu haki ya kuwa nayo. Nani anampa pole mwanamke aliyeishi na mtu bila ndoa miaka kumi, akafukuzwa na ndugu kwenye msiba? Nani anampa pole mama ambaye mwanawe amejiua, au ameuawa na watu wenye hasira akiitwa mwizi? Watu wanapita mbali na nyumba ile kana kwamba msiba unaambukiza. Hao ndio wa kutembelewa kwanza.

Nne ni huzuni ya vitu vilivyokufa watu wangali hai. Talaka. Mume aliyehamia kwingine. Kibanda kilichoungua na mtaji wote. Mgonjwa wa kiharusi ambaye mwili upo lakini yule mume uliyemjua hayupo. Mwenye huzuni hiyo haambiwi pole, anaambiwa "jikaze". Na wanaomuuguza mgonjwa wa muda mrefu huanza kulia kabla ya kifo; mgonjwa akifa wakapata nafuu kidogo, basi wanajiona wabaya. Si wabaya, wamechoka.

Watoto

Tano ni watoto, na tunaomba tulisemee hili kidogo zaidi, kwa sababu ndio tuliowakosea wengi. Watoto tunawatoa nje wakacheze, tunawaambia mama amesafiri. Mtoto anasubiri safari iishe. Haishi, naye anadhani ameachwa kwa sababu alikuwa mtundu.

Tuliambiwa habari ya kazi iliyofanyika Moshi, hapa kwetu Tanzania, na Bungoma kule Kenya, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishiriki. Waliowahudumia hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa vikundi, na walezi wao pia walikutana. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata huduma ile walipona majeraha ya moyo kuliko wale ambao hawakuipata. Tukasema, kama watu wa Moshi wameweza, sisi tuna upungufu gani?

Tunachofanya na mtoto ni kidogo. Tunamwambia ukweli kwa maneno mepesi: mama amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na si kosa lako. Tunamwacha aulize, hata akiuliza swali lile lile mara kumi.

Kusikiliza ni kazi

Sasa basi, mshauri anafanya nini? Mkufunzi alituambia tufunge midomo. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, ninyi mnatujua! Tulikaa wawili wawili, mmoja aseme dakika tano, mwingine asijibu kitu. Dakika ya pili wengi wetu tulikuwa tumeshatoa mawaidha.

Kuna methali tuliyoipenda: kilio huanza mfiwa. Maana yake wewe uliyekuja hutangulii. Usianze kulia kuliko mwenye msiba, usianze kusimulia misiba yako, usianze kumweleza mpango wa Mungu. Subiri aanze, nawe umfuate. Akinyamaza, nyamaza naye.

Maneno tuliyoacha kusema ni haya: "Jikaze", "Usilie", "Mungu amempenda zaidi", "Wengine wamepata makubwa kuliko haya". Anayeyasema ana nia njema, lakini kila moja linamfunga mfiwa mdomo. Badala yake tunasema: "Pole sana. Nimekuja kukaa na wewe." "Ungependa kuniambia alikuwaje?" "Leo umekula nini?" Na kama kuna maji ya kuteka, tunateka. Mfiwa akisema, "Mungu amenionea," hatumkemei. Viongozi wa dini mliopo hapa mtatuelewa. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 wa kuwasaidia watu waliofikwa na maafa. Umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hilo la tatu ni muhimu kwa wajane. Sisi si mawakili. Lakini mjane akituambia shemeji wanataka kumrithi au kumtoa nyumbani, tunajua kumwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017. Na tunajua kumwambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, na kukaa bila mume au kuolewa na amtakaye mwenyewe, hata kama mila inasema vingine.

Tumejiwekea pia kalenda. Watu hujaa msibani siku tatu, halafu nyumba inabaki kimya. Sisi tunarudi baada ya wiki mbili, baada ya arobaini, mwezi wa tatu, na siku ya kutimia mwaka. Tunakumbuka pia Idi na Krismasi ya kwanza, maana sahani inayopungua mezani huonekana zaidi sikukuu.

Mipaka yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, tusije tukajisifu. Mafunzo ya Jumamosi kumi na mbili hayamfanyi mtu daktari. Tulifundishwa dalili za kutushtua: mfiwa anayesema anataka kumfuata marehemu, anayekataa kula, aliyeingia kwenye pombe, asiyeweza kumtunza mtoto mchanga. Huyo hatumwachi peke yake, tunamsindikiza kituo cha afya siku ile ile. Na tunamwuliza wazi, "Je, unafikiria kujiua?" Tulidhani swali hilo linampa mtu wazo. Tukaelezwa kwamba halimpi. Linampa nafasi ya kusema.

Pia kuna huzuni inayogoma kupungua. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linasema uchungu mkali unaomzuia mtu kuishi maisha yake, ukipita miezi sita na kuzidi sana desturi za watu wake na dini yake, unahitaji mtaalamu. Angalieni hayo maneno ya desturi na dini. Mjane wa eda wa mwezi wa nne si mgonjwa. Yuko pale desturi yake inapotaka awe.

Jambo la mwisho ni siri. Kisanduku chetu kina funguo tatu, lakini siri ya mfiwa ina ufunguo mmoja tu, nao anao yeye. Mmoja wetu alisahau hilo, akazungumza saluni. Alikiri mbele yetu na akajiuzulu mwenyewe. Ndiye wa kwanza kati ya wale watatu ambao hawakumaliza. Tunamheshimu kwa kukiri.

Nasi tunachoka. Kwa hiyo hakuna anayekwenda peke yake, tunakwenda wawili wawili. Mara moja kwa mwezi tunakutana na mkufunzi, tunatua mizigo bila kutaja majina. Tulitiwa moyo na bibi wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliona nchi yake ina madaktari wachache mno wa akili, akaanza kuwafundisha bibi kusikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi tu, na bibi anayesikiliza.

Maombi yetu

Kwa heshima tunaomba mambo manne.

Kwanza, mkutano mkuu wa mwezi ujao ubadili katiba. Mwanachama aliyefiwa asitozwe faini ya kutohudhuria, na aliye katika eda aruhusiwe kuleta hisa kwa mkono wa mtu mwingine kwa muda wote wa eda yake.

Pili, rambirambi itolewe pia kwa mtoto aliyezaliwa mfu, na kwa ndugu aliyepotea ziwani hata kama hakuna kaburi.

Tatu, uongozi wa mtaa utupatie chumba kimoja ofisini mara moja kwa wiki, chenye mlango unaofungwa. Benchi tutatengeneza wenyewe.

Nne, akina baba mliokuja kutuunga mkono, tunaomba wawili au watatu wenu waingie darasa lijalo. Wanaume nao wanafiwa, wanakwenda kulia baa.

Tumalizie pale tulipoanzia. Yule mwenzetu tuliyemkata faini ametupa ruhusa ya kueleza habari zake leo. Aliisoma mada hii kabla yenu, akatusahihisha mahali pawili. Amekaa hapa mstari wa mbele, lakini amekuja kama mgeni wetu, si mwanachama. Hatukumwomba arudi, maana kumwomba mbele za watu kungekuwa kumlazimisha. Jina lake bado liko kwenye daftari la mwanzo, ukurasa wa kwanza, na mstari wake hatujaupiga kalamu.

Dada yetu, tunakuomba radhi mbele ya wote. Pole, na tumejifunza.